Amri ya Kuacha Vita: Homoni za Dhiki na Askari wa Mwili

Mwaka 1952, wakati eneo ambalo leo ni Mkoa wa Mtwara lilipokuwa sehemu ya Jimbo la Kusini la Tanganyika, uliingia katika vijiji vya uwanda wa juu wa Makonde ugonjwa uliowashangaza wenyeji na waganga pia. Mtu aliyeamka mzima alishikwa ghafula na homa kali, na muda si mrefu viungo vyake vilikaza kwa maumivu hata asiweze kusimama wima wala kushika jembe. Wamakonde waliupa ugonjwa huo jina la chikungunya, yaani kile kinachokunja, kwa kuwa mgonjwa alikwenda amejikunja. Jina hilo la Kimakonde sasa linatumika katika vitabu vya utabibu duniani kote, ingawa wengi walisomao hawajui lilitoka wapi.

Mwaka 1955 Daktari Marion Robinson alichapisha maelezo ya dalili za ugonjwa huo, naye W.H.R. Lumsden akaeleza jinsi ulivyoenea. Mwaka uliofuata R.W. Ross alichapisha habari za kirusi chenyewe, kilichopatikana katika damu ya wagonjwa na katika mbu. Mbu aliyehusika, Aedes aegypti, huuma mchana na hupenda kuzaliana katika maji yaliyowekwa majumbani. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga, na maji ya mvua huzama upesi. Kwa hiyo watu walilazimika kuteremka mabondeni kuchota maji, wakayapandisha kwa taabu, wakayahifadhi mitunguni kwa siku nyingi. Mitungi hiyo iliyowaokoa na kiu ndiyo iliyowalea mbu.

Katika habari hiyo limo jambo moja ambalo mpaka leo linawashughulisha wanasayansi. Kirusi cha chikungunya huonekana katika damu kwa muda wa juma moja hivi, kisha hutoweka. Homa nayo hupoa. Lakini kwa wagonjwa wengi maumivu ya viungo hayaondoki pamoja na homa: hudumu kwa miezi, na kwa baadhi yao kwa miaka. Ikiwa adui amekwisha kuondolewa katika damu, ni nani basi anayeendeleza vita?

Swali hilohilo huulizwa, kwa namna nyingine, na madaktari wa nchi za baridi wanaotibu ugonjwa mzito wa neva uitwao maltipo sklerosisi, maana yake makovu mengi. Jibu, kadiri lilivyofahamika hadi sasa, linahusu mambo matatu: askari wa mwili, homoni za dhiki, na vipokezi, ambavyo kwavyo askari husikia amri za homoni hizo. Wananchi wa pwani ya Mtwara na bonde la Ruvuma wana sababu njema ya kulifahamu jambo hili, kwa kuwa dawa zinazoiga homoni hizo zinapatikana madukani, nazo zikitumiwa ovyo huleta maafa.

Jeshi la Mwili

Damu ya binadamu ina chembe nyekundu, zinazobeba hewa ya oksijeni, na chembe nyeupe, ambazo kazi yake ni ulinzi. Chembe nyeupe ni za aina nyingi. Ziko zinazomeza vijidudu na mabaki ya chembe zilizokufa. Hizi zikikaa katika nyama za mwili huitwa makrofaji. Ziko limfosaiti, ambazo hujifunza sura ya adui fulani na kuikumbuka. Baadhi ya limfosaiti hutengeneza protini za kumnasa adui, na nyingine, ziitwazo limfosaiti T, huongoza mashambulizi au huziua zenyewe chembe za mwili zilizokwisha kuingiwa na virusi.

Chembe hizi huitana kwa kemikali. Makrofaji inayokutana na adui humwaga kemikali za mwito. Mishipa midogo ya damu iliyo karibu hutanuka na kupitisha maji. Chembe nyingine nyeupe hufika kwa wingi. Mahali hapo huvimba, huwa pekundu, hupata joto na kuuma. Hali hiyo ni sehemu ya kinga, wala si ugonjwa yenyewe peke yake. Mtu aliyechomwa na mwiba akaona kidole kimevimba ameliona jeshi hilo likiwa kazini.

Hata hivyo, kila vita huharibu mashamba yanayopiganiwa. Kemikali zinazomwua adui huweza pia kuua chembe za mwenye mwili. Kwa hiyo ni lazima kuwe na njia ya kuwapunguza askari kazi inapokwisha. Mwili ambao hauwezi kupigana hufa kwa maradhi, na mwili ambao hauwezi kuacha kupigana hujiangamiza wenyewe.

Amri Inatoka Wapi?

Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo. Tezi hizo mbili huitwa adrenali. Sehemu yake ya ndani hutoa homoni ya adrenalini, na sehemu ya nje hutoa kotisoli. Mtu akikutana na nyoka njiani, adrenalini humwagika katika damu kwa nukta chache tu: moyo hudunda, pumzi huenda mbio, na chembe nyeupe zilizokuwa zimetulia kandokando ya mishipa huingia katika mzunguko wa damu kana kwamba zimepigiwa baragumu. Kotisoli huja nyuma yake, taratibu zaidi. Ubongo hutuma ujumbe kwa tezi ya pituitari iliyo chini yake, pituitari hutuma homoni yake kwa adrenali, na adrenali hutoa kotisoli. Kotisoli ikizidi, ubongo na pituitari hutambua na kupunguza ujumbe.

Hata pasipo na hatari, kotisoli hupanda na kushuka kila siku. Huwa nyingi asubuhi mtu anapoamka na huwa chache karibu na usiku wa manane. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, alichapisha maelezo ya jinsi miili ya panya inavyobadilika kwa namna moja inapopatwa na mateso ya aina mbalimbali, na utafiti wake ndio uliolieneza wazo la dhiki katika sayansi ya mwili. Kutokana na hayo, kotisoli na adrenalini zimezoeleka kuitwa homoni za dhiki.

Uwezo wa homoni hizo wa kutuliza viungo ulidhihirika mwaka 1948. Daktari Philip Hench wa Kliniki ya Mayo, nchini Marekani, alimdunga mwanamke mwenye baridi yabisi dawa ya kotisoni, ambayo mwili huigeuza kuwa kotisoli. Mwanamke huyo, ambaye viungo vyake vilikuwa vimekaza, aliweza kutembea baada ya siku chache. Mwaka 1950 Hench, pamoja na wanakemia Edward Kendall na Tadeus Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobeli. Furaha ilikuwa kubwa, na watu walidhani baridi yabisi imepata dawa. Lakini wagonjwa walipoacha kotisoni, maumivu yalirudi. Na walioendelea nayo kwa wingi walivimba nyuso, mifupa yao ikadhoofika, na maradhi mengine yakapata nafasi.

Sikio la Chembe

Homoni ni ujumbe, na ujumbe hauna maana pasipo wa kuupokea. Ndani au juu ya chembe za mwili zimo protini maalumu ambazo kila moja hushikana na homoni ya aina yake, kama kufuli inavyokubali ufunguo wake. Protini hizo ndizo vipokezi.

Kipokezi cha adrenalini kimekaa juu ya ngozi ya chembe. Adrenalini haiingii ndani. Hubisha hodi nje, na kipokezi hupeleka habari ndani. Kipokezi cha kotisoli kinafanya kazi kwa namna nyingine. Kotisoli ni ya jamii ya mafuta, hivyo hupenya ngozi ya chembe bila kizuizi. Ndani huikuta protini ya kipokezi ikiwa imeshikiliwa na protini nyingine zinazoitunza. Kotisoli ikishikana nayo, kipokezi huachiliwa, huingia katika kiini cha chembe, palipo na jeni, na huko hufanya kazi mbili kubwa. Kwanza, huamsha jeni zinazotengeneza protini za kutuliza. Pili, huzuia protini zinazowasha jeni za kemikali za mwito. Matokeo yake ni kwamba askari hupunguza kelele, wengine huondoka katika damu na kwenda kukaa katika uboho wa mifupa, na baadhi ya limfosaiti T hujiua zenyewe kwa utaratibu uliopangwa. Mwaka 1985 wanasayansi walifaulu kuipata na kuisoma jeni ya kipokezi hiki cha binadamu, na tangu hapo utafiti wake umesonga mbele kwa haraka.

Kutokana na maelezo hayo inaonekana kwamba nguvu ya amri hutegemea mambo mawili: wingi wa kotisoli, na usikivu wa kipokezi. Daktari akipima kotisoli katika damu na kuikuta ya kutosha, bado hajajua kama askari wanaisikia.

Ushahidi wa jambo hili ulitolewa na Sheldon Cohen na wenzake, Marekani, katika makala yao ya mwaka 2012. Watu wazima 276 wenye afya walihojiwa kuhusu taabu za muda mrefu maishani mwao, kama vile kukosa kazi au ugomvi usiokwisha nyumbani. Kisha, kwa hiari yao, walitiwa puani kirusi cha mafua na kutengwa ili waangaliwe. Waliokuwa na dhiki ya muda mrefu ndio ambao chembe zao nyeupe zilikuwa hazisikii vema kotisoli, na hao ambao chembe zao zilikuwa na uzito wa kusikia ndio walioelekea zaidi kupata mafua. Mtu anayepigiwa kelele mchana kutwa mwishowe huacha kusikiliza. Ndivyo inavyoelekea kuwa kwa chembe zinazooga katika kotisoli siku baada ya siku.

Ugonjwa wa Makovu Mengi

Ugonjwa wa makovu mengi ulielezwa kwa ukamilifu mwaka 1868 na Jean-Martin Charcot, daktari wa Ufaransa. Nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo zimefunikwa kwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, ambayo huharakisha ujumbe wa neva, kama mpira unaofunika waya wa umeme unavyozuia umeme usipotee. Katika ugonjwa huu limfosaiti T na wenzake huvuka kutoka katika damu, huingia ubongoni na kuishambulia mayelini kana kwamba ni adui. Mahali palipoliwa hubaki kovu gumu. Kovu likiwa katika neva ya jicho, mgonjwa hupungukiwa na uwezo wa kuona; likiwa katika uti wa mgongo, miguu hufa ganzi au hulegea. Kwa wagonjwa wengi ugonjwa huja kwa vipindi: huzuka, hutulia, kisha huzuka tena.

Duniani kote wagonjwa hao wanakadiriwa kuwa karibu milioni tatu. Wengi wako Ulaya ya Kaskazini na Amerika ya Kaskazini, na katika nchi za ikweta ni wachache. Mtu anaweza kukaa maisha yake yote Mikindani au Msimbati asimwone mgonjwa mmoja. Sababu za tofauti hiyo ni za kuchanganyika: mwanga wa jua unaousaidia mwili kutengeneza vitamini D, urithi, na maradhi ambayo mtu hukutana nayo utotoni. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1990 ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa huko na wazazi waliohamia kutoka nchi za joto hupata ugonjwa huu kwa kiasi kinachokaribia kile cha Waingereza wengine. Kwa hiyo urithi pekee hautoshi kumkinga mtu. Mwaka 2022 wachunguzi wa Marekani waliopitia kumbukumbu za wanajeshi zaidi ya milioni kumi walionyesha kwamba kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr hutangulia ugonjwa huu, na kwamba hatari yake huongezeka kama mara 32 baada ya maambukizo. Ingawa hivyo, kirusi hicho kimewaingia watu wengi mno duniani, na walio wengi hawapati ugonjwa. Lazima kuwe na jambo jingine linalowafanya askari wakose kutii.

Hapo ndipo vipokezi vinapoingia. Kama ugonjwa ungetokana na upungufu wa kotisoli, damu ya wagonjwa ingeonyesha uchache wake. Lakini vipimo vimeonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi adrenali zinafanya kazi kwa bidii kuliko kawaida. Ndipo watafiti walipoelekea upande wa pili. Huchukua damu ya mgonjwa, huichokoza katika kichupa kwa kitu kitokacho katika bakteria ili chembe nyeupe zimwage kemikali za mwito, kisha hutia deksamethasoni, ambayo ni dawa iliyo ndugu wa kotisoli lakini yenye nguvu zaidi. Chembe za mtu mwenye afya hunyamaza kwa kiasi kidogo cha dawa. Chembe za baadhi ya wagonjwa, hasa wenye ugonjwa wa vipindi, huhitaji zaidi. Amri ipo, tena inatolewa kwa sauti kubwa. Lililopungua ni usikivu. Hali kadhalika vipokezi vya adrenalini juu ya limfosaiti za baadhi ya wagonjwa vimeonekana kuwa na idadi isiyo ya kawaida.

Ushahidi mwingine umetoka kwa wanawake waja wazito. Mwaka 1998 ulichapishwa uchunguzi wa wanawake wenye ugonjwa huu katika nchi 12 za Ulaya. Ilionekana kwamba katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba ugonjwa hutulia sana, na katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua huzuka kuliko ilivyokuwa kabla. Wakati wa mimba homoni za mama hupanda, ili pamoja na mambo mengine mwili wake usimshambulie mtoto, ambaye nusu ya urithi wake ni mgeni. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio lililofanywa kwa panya wenye ugonjwa unaofanana na huu. Panya wa kawaida walipobeba mimba walipata nafuu. Panya ambao limfosaiti T zao ziliondolewa kipokezi cha kotisoli hawakuipata nafuu hiyo, ingawa homoni za mimba walikuwa nazo. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa nguvu ya kipokezi.

Je, Huzuni Huzusha Ugonjwa?

Charcot mwenyewe aliandika kwamba huzuni na hasira za muda mrefu huenda zina sehemu katika ugonjwa huu, na wagonjwa wengi huamini hivyo. Mwaka 2004 tafiti 14 zilizokusanywa pamoja zilionyesha kwamba ugonjwa huelekea kuzuka zaidi baada ya matukio ya dhiki. Lakini dhiki si kitu kimoja. Makombora yalipoanguka Israeli wakati wa Vita vya Ghuba mwaka 1991, wagonjwa 32 waliofuatiliwa huko walipata mizuko michache kuliko ilivyotarajiwa, wakati wa vita na katika miezi miwili iliyofuata. Katika vita vya mwaka 2006, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, mizuko iliongezeka. Hofu inayokuja na kupita huipandisha kotisoli, na askari hutulia. Taabu ya kudumu huweza kuwazoesha kuidharau. Maelezo hayo yanapatana na ilivyoonekana katika damu, ingawa tabia ya kila mtu, na maana anayoipa taabu yake, nayo ina uzito.

Kutokana na hayo si haki kumwambia mgonjwa kwamba amejiletea maradhi kwa kuwaza mno. Mtu hachagui jinsi vipokezi vyake vinavyosikia.

Kurudi Uwandani Makonde

Chikungunya na ugonjwa wa makovu mengi ni maradhi mawili mbalimbali. Kimoja huletwa na mbu na hushika viungo. Kingine hushika neva. Lakini vinafundisha kwamba vita isiyokwisha yaweza kuwa na sababu zaidi ya moja. Askari waweza kumdhania mwenyeji kuwa adui, kama ilivyo kwa mayelini. Waweza kuwa na uzito wa kusikia. Au huenda adui hajaondoka, bali amejificha. Mwaka 2010 watafiti waliochunguza wagonjwa wa kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya theluthi ya wakazi walipata chikungunya mwaka 2005 na 2006, waliripoti kwamba mabaki ya kirusi yalipatikana ndani ya makrofaji za kiungo cha mgonjwa mmoja miezi 18 baada ya kuugua. Damu ilikuwa safi, lakini kiungo hakikuwa safi.

Mlipuko uliofika Réunion ulikuwa umepitia pwani ya Waswahili. Mwaka 2004 ulianza Lamu, na vipimo vya damu vilionyesha kwamba karibu robo tatu ya wakazi wa kisiwa hicho walikuwa wameambukizwa. Ulifika Mombasa, kisha Komoro. Lamu nayo ilikuwa katika ukame, na watu walikuwa wameweka maji majumbani kwa siku nyingi, kama walivyofanya Wamakonde miaka 52 kabla yao.

Dawa Iliyo Rafiki na Adui

Prednisoloni na deksamethasoni huingia katika chembe na kushikana na kipokezi kilekile cha kotisoli. Katika mikono ya daktari zimeokoa watu wengi. Mgonjwa wa makovu mengi aliyezukiwa hupewa methilprednisoloni kwa wingi mshipani, kwa siku tatu hadi tano, ili hata chembe zenye uzito wa kusikia zisikie. Hupona upesi zaidi, ingawa dawa hiyo haizuii ugonjwa kuendelea kwa miaka ijayo. Kipimo ni muhimu: jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 1992, kuhusu uvimbe wa neva ya jicho, lilionyesha kwamba dawa ya mshipani kwa wingi iliharakisha kupona, lakini vidonge vya kiasi cha chini peke yake viliongeza kurudi kwa ugonjwa.

Wakati nao ni muhimu. Mwaka 2020, katika jaribio la Uingereza kuhusu korona, deksamethasoni ilipunguza vifo kwa theluthi moja kati ya wagonjwa waliokuwa katika mashine za kupumulia, lakini haikuwafaa wale ambao hawakuhitaji oksijeni. Wale wa kwanza walikuwa wakiuawa na vita ya askari wao wenyewe. Wa pili walikuwa bado wanawahitaji askari hao. Kwa sababu hiyohiyo dawa hizi hazishauriwi katika siku za mwanzo za chikungunya, wakati kirusi kingali kinazaana. Zikitolewa baadaye hupunguza maumivu, lakini mara nyingi maumivu hurudi zinapoachwa.

Mkulima wa Newala au mvuvi wa Msimbati anayeumwa na magoti hununua vidonge dukani, hupata nafuu baada ya siku mbili, na huviona vya ajabu. Haoni kinachoendelea ndani. Askari walionyamazishwa magotini wamenyamazishwa pia mapafuni, ambako huenda vijidudu vya kifua kikuu vilikuwa vimelala. Wamenyamazishwa matumboni, ambako huenda wamo minyoo ya strongiloidi, wanaoingia kwa ngozi ya miguu peku na kuweza kukaa mwilini kwa makumi ya miaka bila dalili. Kinga ikilegezwa na dawa hizi, minyoo hao huzaana kwa wingi na kusambaa hadi mapafuni, na mgonjwa huweza kufa. Sukari ya damu hupanda, na shinikizo la damu pia. Aidha, tezi za adrenali, zikiona kazi yake inafanywa na vidonge, hulala. Mtu aliyevimeza kwa majuma mengi akiviacha ghafula hubaki hana kotisoli ya kutosha, na homa ndogo yaweza kumwangusha.

Hali kadhalika si kila miguu iliyolegea imelegezwa na askari wa mwili. Katika ukanda huu daktari hutafuta kwanza kifua kikuu cha uti wa mgongo, na kichocho kilichoingia katika uti huo. Hutafuta pia konzo, ulemavu wa ghafula wa miguu utokanao na muhogo mchungu usiotayarishwa vema, ambao umekwisha kuonekana mkoani Mtwara. Konzo haitibiwi kwa vidonge hivi hata kidogo; huzuiwa jikoni, kwa kuuloweka na kuukausha muhogo mpaka sumu yake itoke.

Yanayowapasa Wananchi

Mapipa, mitungi na ndoo za maji zifunikwe, na kila juma vimwagwe na kusuguliwa ndani, kwa kuwa mayai ya mbu hung'ang'ania kando ya chombo, na kiluwiluwi huchukua kama juma moja au zaidi kidogo kuwa mbu. Mwenye homa na maumivu makali ya viungo apimwe malaria kwanza, wala asidhani kwamba kila homa ni chikungunya. Mwenye maumivu ya muda mrefu asinunue prednisoloni wala deksamethasoni bila karatasi ya daktari. Na aliyekwisha kuzitumia kwa majuma asiziache kwa siku moja, bali aende hospitali azipunguze kwa hesabu. Aliyepewa dawa hizo na daktari amweleze kama amewahi kuugua kifua kikuu au kukaa na mtu aliyekuwa nacho, na kama hutembea peku shambani, ili minyoo itafutwe na kutibiwa kabla.

Mwili una amri yake ya kuwaita askari na amri yake ya kuwarudisha, na kati ya hizo mbili, ya pili ndiyo iliyo ngumu zaidi kutekelezwa. Vidonge vya dukani hupaza sauti ya amri hiyo mwili mzima, bila kuchagua mahali palipo na vita na mahali penye ulinzi unaohitajiwa. Kwa hiyo kabla ya kuvimeza hapana budi kwanza kujua adui ni nani, na kama ameondoka kweli.